Ramani ya uhalifu huanzia kwenye jedwali: kwa anayeanza kuchambua data za matukio

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia rangi. Faili linapakuliwa, linamwagwa kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, zana ya msongamano inabonyezwa, na baada ya dakika chache ipo ramani yenye madoa mekundu ambayo kila mtu kikaoni anaitikia kwa kichwa. Doa hilo laweza kweli kuwa eneo lenye uhalifu mwingi. Laweza pia kuwa kituo cha polisi ambako kila tukio lisilo na anwani lilibandikwa, au matokeo ya namba ya mita iliyoandikwa kwenye kisanduku bila kufikiri. Kwa kuitazama ramani peke yake huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu mambo ya kufanya kabla ramani haijachorwa, na maswali ya kuiuliza ikishachorwa.

Faili la kujifunzia

Usijifunzie kwenye data za siri za ofisi. Zipo data za wazi za kutosha. Jiji la Chicago huweka hadharani matukio tangu mwaka 2001, mstari mmoja kwa kila tukio, isipokuwa mauaji ambayo huandikwa mstari mmoja kwa kila aliyeuawa. Siku 7 za mwisho huachwa nje. Anwani hukatwa ibaki ngazi ya kitalu cha nyumba, na nukta husogezwa isikae juu ya mlango halisi. England, Wales na Ireland Kaskazini nazo hutoa data zao kwa mwezi kupitia tovuti ya data.police.uk: hakuna siku, hakuna saa, na kila tukio husogezwa hadi nukta ya karibu kwenye orodha iliyoandaliwa tayari.

Tofauti hizo ndizo zinazoamua unaweza kuuliza nini. Kwa data za Chicago unaweza kuchunguza saa za unyang'anyi. Kwa zile za Uingereza huwezi, hata uwe na programu ya aina gani. Mgeni akifungua faili la Uingereza ataona matukio 40 yamekaa kwenye kodineti (jozi ya namba zinazotaja mahali) moja kamili, na haraka atadhani amegundua nyumba ya balaa. Hakugundua kitu. Hiyo ni nukta ya kuwakilisha mtaa mzima. Maelezo ya data, yale ambayo huwa kwenye ukurasa mwingine usiofunguliwa na mtu, yasome yote kabla ya faili lenyewe.

Kuhusu programu, anza na QGIS kwa kuona na kusafisha, kisha GeoDa kwa takwimu za mahali kwa sababu haihitaji kuandika msimbo, halafu hamia R (vifurushi vya sf, spdep na spatstat) au Python (geopandas) pale utakapochoka kurudia mibonyezo ileile kila mwezi. Zote ni za bure. Usijifunze zote kwa pamoja.

Safumlalo moja ni nini hasa?

Kabla ya lolote, jibu swali hili kwa maandishi: safumlalo moja katika faili hili inawakilisha tukio, kosa, mwathirika, mshukiwa, au simu iliyopigwa polisi? Unyang'anyi mmoja wa watu watatu uliofanywa na vijana wawili unaweza kuwa safumlalo 1, 2, 3 au hata 6, kutegemea jinsi majedwali yalivyounganishwa. Ukihesabu safumlalo ukidhani ni matukio, kituo cha mabasi kitakuwa na uhalifu mara tatu ya ukweli, na hakuna programu itakayokuonya. Hesabu safumlalo zote, kisha hesabu namba za jalada zisizojirudia. Namba mbili hizo zikitofautiana, tafuta sababu kabla ya kusonga mbele.

Kisha tarehe. Tarehe 05/04 ni Aprili au Mei? Programu za majedwali hubadilisha tarehe kimyakimya kulingana na mipangilio ya kompyuta, na kosa hilo huonekana tu kwa siku zinazozidi 12. Panga data kwa mwezi: ukiona siku za 1 hadi 12 za kila mwezi zina matukio mengi au machache kuliko siku zinazofuata, tarehe zimegeuzwa. Angalia pia kama tarehe ni ya tukio kutokea au ya kuripotiwa. Wizi wa kuvunja nyumba uliofanyika Ijumaa usiku mara nyingi huripotiwa Jumatatu, na ukitumia tarehe ya ripoti utawaambia wakubwa waongeze doria siku ambayo mwizi keshalala.

Saa nazo zina mitego yake. Chora chati ya matukio kwa kila saa ya siku. Ukiona mnara saa 00:00 na mwingine 12:00, hapo si wahalifu walioamka. Ni mfumo uliojaza nafasi iliyoachwa wazi, au mwandishi aliyekadiria. Tarehe 1 ya mwezi na 1 Januari huvimba kwa sababu hiyohiyo. Na pale kumbukumbu zilipoandikwa kwa mkono na mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta na mwingine, "saa 2 usiku" inaweza kuwa imegeuka 02:00 badala ya 20:00. Tofauti ni saa sita, na inatosha kuhamisha unyang'anyi wote wa jioni uonekane wa usiku wa manane.

Kodineti zilizolala pabaya

Hapa ndipo ramani nyingi hufia. Kagua kwanza kodineti tupu, na zile zenye 0,0 ambazo zitatua baharini, kusini mwa Ghana. Kagua latitudo na longitudo zilizobadilishana nafasi, na alama ya kutoa iliyopotea kwa maeneo ya kusini mwa ikweta au magharibi mwa Greenwich. Haya yote huonekana ukivuta ramani nyuma hadi uione dunia nzima: nukta iliyo nje ya jiji lako inajitangaza yenyewe.

Ubaya ni kodineti zisizojitangaza, zile zilizo ndani ya jiji lakini si za kweli. Dawa yake ni jedwali moja rahisi ambalo wachambuzi wazoefu hulitengeneza kila mara. Unganisha latitudo na longitudo kuwa safuwima moja, hesabu kila jozi imejirudia mara ngapi, panga kuanzia kubwa, kisha chukua jozi 20 za juu na uzikague moja moja juu ya picha ya setilaiti. Utakuta duka kubwa ambako kweli watu wanaiba kila siku. Utakuta hospitali, kwa sababu majeruhi walihojiwa pale ingawa walipigwa kwingine. Utakuta kituo cha polisi. Na utakuta nukta iliyo katikati ya uwanja mtupu: hiyo ni kitovu cha kata, mahali programu ilikotupa kila anwani iliyoshindwa kuielewa. Duka lihifadhi. Hospitali na kituo vihoji kwa kosa moja moja. Kitovu cha kata kiondoe kwenye uchambuzi wa nukta, ila kiendelee kuhesabika kwenye jumla za kata.

Ikiwa unageuza anwani kuwa nukta wewe mwenyewe, andika kiwango cha mafanikio. Mtafiti Jerry Ratcliffe alionyesha mwaka 2004 kwamba asilimia 85 ndicho kiwango cha chini kinachoweza kukubalika kabla ramani haijaanza kupotoka, na wengi wanakitumia hadi leo. Lakini usiridhike na namba hiyo peke yake. Asilimia 15 zilizoshindikana hazikutawanyika sawasawa: ni makazi yasiyo na namba za nyumba, ni bustani, ni barabara kuu, ni madaraja. Linganisha zilizofaulu na zilizoshindikana kwa aina ya kosa. Ikiwa wizi wa nyumba umefaulu kwa asilimia 95 na unyang'anyi kwa 60, basi ramani yako ya unyang'anyi ni ya sehemu zenye anwani nzuri tu. Hifadhi pia safuwima inayosema nukta ilipatikana kwa ngazi gani: nyumba, mtaa au kata. Zana nyingi huitoa safuwima hiyo, na wageni wengi huifuta.

Digrii si mita

Latitudo na longitudo hupimwa kwa digrii, na digrii haina urefu mmoja. Karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111. Kwenye latitudo ya London ni kama kilomita 69. Kwa hiyo ukichora duara la "digrii 0.005" kule, umechora yai. Kabla ya kupima umbali, kuchora kingo za mita 300 kuzunguka shule (yaani ukanda wa umbali huo), au kutengeneza msongamano, hamisha tabaka lako (data zako zilizo juu ya ramani) kwenda projeksheni, yaani njia ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, ya eneo husika inayopima kwa mita: kwa England na Wales ni EPSG:27700 (EPSG ni orodha ya namba za projeksheni), kwingineko kanda ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda, inayolihusu eneo. Safu za kodineti za Chicago zisizo za digrii zimo kwenye EPSG:3435, ambayo kipimo chake ni futi. Ukiandika 500 ukidhani ni mita, umepata takriban mita 152.

Mtego unaowanasa hata wenye uzoefu ni EPSG:3857, projeksheni ya ramani za mtandaoni. Inasema ina mita, na kwa jina ni mita, lakini huzivuta kadiri unavyoondoka ikweta. Kingo ya "mita 500" iliyochorwa kwa 3857 jijini London ni kama mita 311 ardhini. Ukiona ramani ya nyuma imepangwa vizuri na tabaka lako limekaa sawa juu yake, hilo halithibitishi kwamba vipimo viko sawa. QGIS hupanga matabaka ya projeksheni tofauti yakae pamoja kwa kuonyesha tu. Data zenyewe haizigusi. Lazima uzihifadhi upya kwenye projeksheni mpya kama faili jingine.

Kuhesabu, na kugawanya kwa nini

Ramani ya nukta hudanganya kwa njia ya kipuuzi sana: wizi 60 kwenye kodineti moja huonekana nukta moja, na wizi 60 uliotapakaa huonekana nukta 60. Tumia alama zinazokua kwa idadi, au hesabu nukta ndani ya poligoni, yaani eneo lenye mpaka kama kata.

Poligoni ndizo zinazoleta swali la mgawanyo. Idadi tupu ya matukio kwa kata kwa kawaida ni ramani ya kata zenye watu wengi. Lakini kugawanya kwa wakazi si tiba ya kila kitu. Katikati ya jiji wakazi ni wachache na wapita njia ni maelfu: City of London, eneo dogo la biashara katikati ya London, ilikuwa na wakazi wasiofika 10,000 kwenye sensa ya mwaka 2021, na kila siku ya kazi huingia mamia ya maelfu. Wizi wa mfukoni ukigawanywa kwa wakazi wake hutoa kiwango cha kutisha kisichomhusu mkazi yeyote. Asili ya sehemu, ile namba ya chini, iwe kitu kinachoweza kudhurika na kosa lile: nyumba kwa wizi wa kuvunja nyumba, magari kwa wizi wa magari, wapita njia kwa uchomoaji. Usipoipata, bora uonyeshe idadi na uiite idadi kuliko kutoa kiwango kilichogawanywa kwa kitu kisichohusika.

Na uogope namba ndogo. Eneo lenye nyumba 20 na uvunjaji 2 lina kiwango cha 100 kwa kila nyumba 1,000. Kata jirani yenye nyumba 2,000 na uvunjaji 40 ina 20. Ramani itapaka rangi kali kwenye lile la kwanza, ambako tukio moja likipungua kiwango kinashuka kwa nusu. GeoDa ina ulainishaji wa Bayes unaovuta viwango vya maeneo madogo kuelekea wastani. Utumie, na uionyeshe ramani iliyolainishwa kando ya ile ghafi.

Kosa moja kwa ramani moja, tafadhali. Watafiti Guerry na Balbi walipochora ramani zao za Ufaransa mwaka 1829 walitenganisha makosa dhidi ya watu na makosa dhidi ya mali, wakaona kwamba mpangilio wake nchini haufanani. Karibu karne mbili baadaye bado tunapokea ramani za "uhalifu wote", ambamo wizi wa dukani, kwa wingi wake, unameza kila kitu kingine.

Msongamano: namba mbili zinazoamua kila kitu

Ramani ya msongamano hupita juu ya kila kisanduku cha gridi na kujumlisha matukio yaliyo ndani ya nusu kipenyo fulani, yaliyo karibu yakipewa uzito zaidi. Utaombwa ukubwa wa kisanduku na nusu kipenyo. Ukubwa wa kisanduku huathiri ulaini wa picha tu. Nusu kipenyo ndicho kinachoumba madoa. Data zilezile kwa mita 150 zitakupa madoa 30 madogo. Kwa mita 1,500 zitakupa doa moja la katikati ya mji, ambalo kila mkazi alishalijua bila kompyuta.

Kanuni ya mkono ya kuanzia ni hii: chukua upande mfupi wa mstatili unaozunguka eneo lako, ugawanye kwa 150, upate ukubwa wa kisanduku, zidisha kwa 5 upate nusu kipenyo. Eneo la kilomita 15 kwa 22 litakupa visanduku vya mita 100 na nusu kipenyo cha mita 500. Hapo ndipo pa kuanzia, si pa kuishia. Chora pia kwa nusu yake na kwa mara mbili yake. Doa linalobaki kwenye zote tatu linastahili kuzungumziwa. Kisha lihusishe na matumizi: kama timu itatembea kwa miguu, doa la kilomita moja haliwasaidii. Andika nusu kipenyo kwenye ufunguo wa ramani. Ramani ya msongamano isiyotaja namba hiyo haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Vitu vitatu huharibika hapa mara kwa mara. Mpaka: ukikata data kwenye mpaka wa wilaya, maeneo ya pembeni yataonekana salama kwa sababu matukio ya upande wa pili hayakuingizwa, kwa hiyo omba data za nje ya mpaka kwa umbali usiopungua nusu kipenyo chako. Vizuizi: msongamano haujui mto wala reli, utamwaga rangi hadi majini. Na rangi: ukilinganisha miezi miwili, funga vipimo vya madaraja viwe vilevile, maana programu ikiachiwa itayapanga upya na kila mwezi utakuwa na wekundu wa kutosha hata uhalifu ukishuka kwa nusu.

Unataka kujua kama ramani yako inafaa? Tumia kipimo cha usahihi wa utabiri walichopendekeza Chainey, Tompson na Uhlig mwaka 2008. Chora madoa kwa data za miezi iliyopita, kisha angalia matukio ya mwezi unaofuata. Tuseme madoa yanachukua kilomita za mraba 1 kati ya 20, yaani asilimia 5 ya eneo, na kati ya matukio mapya 400, 100 yaliangukia humo, yaani asilimia 25. Gawa 25 kwa 5, unapata 5. Ukipata 1, ungeweza kuchora madoa hayo ukiwa umefumba macho.

Je, ni bahati tu?

Jicho la binadamu huona mlundikano hata kwenye nukta zilizorushwa ovyo. Kwa hiyo pima. Kipimo cha Moran hukupa jibu moja kwa eneo zima: maeneo jirani yanafanana kuliko inavyotarajiwa au la. Kipimo cha Getis-Ord Gi* na takwimu za mahali za Anselin (1995) hukuonyesha ni wapi. Zote zinahitaji uamue nani jirani wa nani, na uamuzi huo ni wako, si wa programu. Kwa gridi ya visanduku sawa, majirani wanane wanaogusana ni mwanzo mzuri. Kwa kata zenye ukubwa usiolingana, ujirani wa umbali huziacha kata kubwa za pembeni bila jirani hata mmoja. Kagua hilo kwanza.

Ukishapata ramani ya Gi*, kumbuka hesabu hii. Ukipima visanduku 1,000 kwa kiwango cha asilimia 95, takriban 50 vitajitokeza kuwa vya pekee hata kama hakuna lolote. Washa marekebisho ya upimaji mwingi, yamo kwenye zana karibu zote. Usishangae ramani ikipoteza nusu ya rangi zake; zilizobaki ndizo za kuaminika zaidi.

Badilisha pia mipaka. Rudia uchambuzi kwa gridi ya mita 250, halafu 500, halafu kwa kata. Matokeo yatabadilika, wakati mwingine hadi kugeuka kinyume, kwa sababu mipaka yenyewe ni sehemu ya jibu. Ndiyo sababu utafiti mwingi wa sasa hushuka hadi kipande cha mtaa, kutoka makutano hadi makutano. Mtafiti Sherman na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba huko Minneapolis, Marekani, asilimia kama 3 tu ya anwani zilitoa nusu ya simu zote za polisi, na kazi za Weisburd kuhusu Seattle zikapata kwamba asilimia 4 hadi 5 ya vipande vya mitaa vilibeba nusu ya matukio. Ndani ya kata "mbaya" mitaa mingi ni tulivu kabisa.

Lakini hata namba hiyo maarufu ina mtego. Chukua mji wenye vipande 2,000 na matukio 200, kila tukio kwenye kipande chake, pasipo mrundikano wowote. Nusu ya matukio, yaani 100, yako kwenye vipande 100, ambavyo ni asilimia 5 ya vyote. Umepata "sheria ya mrundikano" pasipokuwa na mrundikano! Matukio yakiwa machache kuliko maeneo, linganisha daima na mtawanyiko wa nasibu uliouzalisha kwa kompyuta, mara 999 kwa uchache.

Muda nao ni mahali

Mwenye nyumba aliondoka saa 2 asubuhi akarudi saa 12 jioni akakuta mlango umevunjwa. Ilikuwa saa ngapi? Wageni huchukua katikati, na matokeo yake wizi wote wa mchana hurundikana saa 7, saa ambayo huenda hakuna aliyeiba. Njia sahihi zaidi ni kugawa tukio: saa 10 za mashaka, kila saa ipewe 0.1, kisha jumlisha kwa matukio yote. Matukio yenye dirisha la zaidi ya saa 24 yaweke pembeni, hayasemi kitu kuhusu saa.

Nyumba iliyovunjwa huongeza hatari kwa majirani zake kwa muda mfupi. Pima hilo kwa jaribio la Knox, linaloangalia kama matukio yaliyo karibu kwa mahali yako karibu pia kwa muda, ukianza na madaraja ya mita 100 na siku 7. Hapa data za mwezi tu, au nukta zilizosogezwa, hazifai kabisa.

Na jihadhari na asilimia za mwezi kwa mwezi. Kutoka matukio 4 hadi 6 ni "ongezeko la asilimia 50", na halina maana yoyote. Kwa makadirio ya haraka, tofauti ya hesabu mbili ilinganishe na kipeuo cha pili cha jumla yake: hapa 2 dhidi ya 3.2 hivi. Tofauti isiyofika hata mara mbili ya kipeuo hicho usiitolee taarifa.

Kilichoandikwa na kilichotokea

Data hizi ni za matukio yaliyofika kwenye karatasi. Wizi wa gari huripotiwa vizuri pale bima inapodai namba ya jalada. Ukatili wa nyumbani na ubakaji huripotiwa kidogo sana. Makosa ya dawa za kulevya huingia kwenye faili pale polisi wanapopekua, kwa hiyo ramani yake ni ramani ya kazi ya polisi. Ukiitumia kuamua wapi wapekue zaidi, mwezi ujao itathibitisha yenyewe ilichosema. Tenganisha makosa yanayoletwa na wananchi na yanayozalishwa na doria, uyachore mbali mbali, na useme hivyo chini ya ramani.

Kabla ramani haijatoka mikononi mwako

Nukta moja kwenye nyumba moja ni jina la mtu kwa kila anayeujua mtaa huo. Ubakaji, ukatili wa nyumbani na makosa dhidi ya watoto visitolewe kama nukta kamwe; vijumlishwe kwa eneo kubwa na kipindi kirefu. Hesabu ndogo, kwa mfano zilizo chini ya 5, zifichwe. Ila ukificha kata moja huku jumla ya wilaya ikiwa chini ya jedwali, mtu atatoa zilizobaki na kuipata. Ficha angalau mbili.

Ramani ya mtandaoni ina hatari yake ya ziada. Ukilihamisha tabaka kwenda GeoJSON (aina ya faili la ramani za mtandaoni), programu hubeba safuwima zote, pamoja na namba za jalada na maelezo ya mlalamikaji, hata kama kwenye skrini umeonyesha rangi tu. Futa safuwima usizozihitaji kwanza, punguza tarakimu za kodineti baada ya nukta ya desimali zibaki tatu (usahihi wa kama mita 100), hamisha, kisha ulifungue faili lililotoka kwa programu ya kawaida ya maandishi na utafute ndani yake jina au namba ya simu moja unayojua ilikuwamo kwenye data ghafi.